Idd Mubarak wanaklabu wote, na habari ya daftari la Mwalimu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na kwa ndugu zetu Wakristo Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe sana.

Kwa niaba ya mwenyekiti, kamati nzima na mimi katibu wenu, nachukua nafasi hii kuwatakia wanaklabu, wafadhili wetu, majirani na wote mnaotuunga mkono kwa hali na mali Idd njema yenye kheri na baraka tele. Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu, swala zetu na sadaka zetu, atusamehe pale tulipoteleza, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa wazima wa afya sisi na vizazi vyetu. Taqabbalallahu minna waminkum. Na nyie wenzetu ambao Pasaka iliwakuta hukuhuku katikati ya mfungo wetu tarehe 31 Machi 2024, heri ya Pasaka imechelewa lakini ipo, mtuwie radhi.

Mwenyekiti aliniambia niandike salamu fupi tu za sikukuu, aya mbili tatu. Nimeanza mara tatu nafuta, maana Idd hii ni ya kwanza Mwalimu, mweka hazina wetu, hayupo na sijui nawezaje kuandika salamu za klabu hii bila kumtaja.

Mwaka umekuwa mzito jamani tusidanganyane. Mvua za El Niño zilipoanza mwaka jana hazikutaka kukatika, miwa ikakaa shambani haivuniki, viwanda vikasimama, na kuanzia mwezi wa kwanza sukari ikaadimika nchi nzima. Hapa Tanga kilo tumeinunua mpaka 4,000 na kuna siku hiyo elfu nne unayo mkononi na bado unazunguka soko lote la Mgandini unaambiwa imeisha rudi kesho, na Ramadhani bila sukari kila mama mwenye jiko anajua ilikuwaje, uji watoto wanauangalia tu na kaimati sijui utaichovya kwenye nini. Kabla hatujaanza kufunga tukampoteza Mzee Rukhsa, Mzee Ali Hassan Mwinyi, rais wetu wa awamu ya pili, tarehe 29 Februari 2024 akiwa na miaka 98, Mungu amrehemu. Na hivi naandika, Aprili 2024, wenzetu wa Rufiji na Kibiti wako kwenye maji, kuna watu leo wameswali Idd hawana nyumba ya kurudi kula pilau. Tuwaombee, na tusiishie kuwaombea tu, mchango wa Rufiji unapokelewa mpaka Jumapili.

Sasa habari za klabu kwa ufupi. Oktoba tarehe 12 mwaka jana 2023, Siku ya Kuona Duniani, tulipeleka wazee wetu wakapimwe macho, wengi ni mtoto wa jicho na wameshapangiwa tarehe, wengine wameshafanyiwa. Wale wa zamani mnakumbuka Mwalimu kila Oktoba lazima atuhadithie ya Helen Keller, yule mama wa Kimarekani asiyeona wala kusikia, alivyosimama mwaka 1925 mbele ya watu wa Lions, zile klabu za kujitolea, akawaomba wawe mashujaa wa vipofu, na kweli kazi ya macho wanaifanya mpaka leo dunia nzima. Alikuwa anamalizia hivyohivyo kila mwaka, "huyo alikuwa haoni na kawaona watu, wewe mwenye macho mawili unamuona nani." Novemba tulizibua mitaro Makorora na Mabawa, asanteni vijana, mliingia kwenye maji machafu mpaka mapajani. Februari kabla ya mfungo tulichangia damu kwa makusudi, maana Ramadhani ikiingia wachangiaji wanapungua na wagonjwa hawapungui. Na mwezi wote wa Ramadhani futari ilipikwa kila Ijumaa, muhogo, magimbi, uji wa pilipili manga, shukrani za pekee kwa kina mama wa jikoni, Mungu awalipe.

Na Novemba hiyohiyo ndo Mwalimu akatutoka.

Wageni mnaotusoma, Mwalimu alikuwa mweka hazina wetu, mstaafu, alifundisha shule za msingi hapa mjini miaka na miaka. Mkristo wa kusali kila Jumapili bila kukosa na ndo alikuwa anasimamia vifurushi vya Idd tangu klabu inaanza. Tulimzika mvua inanyesha. Kaburi lilikuwa linajaa maji kabla jeneza halijafika, vijana wakakimbia kuleta ndoo za klabu, zilezile tulizosafishia mitaro wiki ya kabla yake, wakawa wanachota wanapokezana, Abdallah kwa Joseph, mchungaji anasubiri, na sisi wa kanzu na kofia tumesimama kwenye tope pamoja na wanakwaya. Nimehudhuria mazishi mengi lakini ile sauti ya ndoo zinachota maji kaburini sijawahi kuisahau.

Kwahiyo Ramadhani ilivyokaribia tukajikuta hatuna mtu anayejua vifurushi vizuri. Binti yake akatuletea mfuko wa sandarusi, ndani madaftari matano, kauntabuku za kwaya tatu, moja jalada limeshaachia na limefungwa na mpira wa baiskeli. Tukafungua kwenye kikao. Sisi tulidhani ni orodha ya majina na saini. Kumbe kila jina lina neno lake pembeni, kwa mwandiko ule wa ubaoni uliosimama wima. Nanukuu machache bila majina:

"Apelekewe baada ya isha, wapangaji wasione."

"Usimpe mtoto. Mpe mama mkononi."

"Meno hana. Mchele apewe wa chenga."

"Atakataa. Rudi kesho."

Hilo la mwisho limeandikwa kwa mzee mmoja miaka sita mfululizo, atakataa rudi kesho, atakataa rudi kesho, na mwaka wa saba limeandikwa "amepokea."

Kikao kile kilikuwa cha kubishana, nakiri. Nyumba ni 64 na hela ya sukari kwa bei ile inatosha kilo 50 tu. Wengine wakasema tupunguze nyumba, wengine wakasema tugawe nusu kilo nusu kilo, sauti zikapanda. Mama mmoja wa kamati yeye alikuwa kimya anapekua daftari la mwaka jana, mwisho akasema hebu nyamazeni. Akaanza kuhesabu kwa kidole. Nyumba 11 Mwalimu kaandika "ana sukari, apewe kunde." Yaani miaka yote Mwalimu alikuwa anajua nani ana ugonjwa wa sukari na hakuwahi kulitangaza, anabadilisha tu kifurushi kimyakimya. Zikabaki nyumba 53, hizo kilo tatu tukachangishana palepale mezani, biashara ikaisha. Watu walikuwa wanalia na vicheko humohumo. Amekufa na bado ndo ametugawia sukari.

Hapa chini sijui kama mwenyekiti ataniruhusu kuliacha lakini naliandika.

Yale madaftari ya zamani niliyachukua nikayaweke nyumbani. Usiku mmoja baada ya tarawehe nikawa nayafungua tu, nikafika la mwaka 1998, baada ya ile El Niño nyingine ambayo wakubwa mnaikumbuka. Nikasoma mstari mmoja nikaurudia. Barabara ya 14, Ngamiani, watoto wanne, baba amepunguzwa kazini. "Usiku. Watoto wasijue."

Hiyo nyumba ni yetu. Hao watoto wanne mimi ni wa pili.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka vizuri kilikuwa kinakuja kifurushi, mchele, tende zimefungwa kwenye gazeti, na safari moja kitambaa cha shati ambalo nililivaa Idd na Idd ndogo zake zote mpaka likanibana kwapani. Tuliambiwa kimetoka kwa mjomba wa Muheza. Mjomba huyo hatukuwahi kumuona, tukiuliza tunaambiwa ana shughuli nyingi, na sisi tukamuombea dua kila siku mjomba wetu wa Muheza Mungu amzidishie. Nimekaa na Mwalimu kwenye kamati miaka tisa. Tumebishana naye kwenye hesabu, kuna siku nilimjibu vibaya kuhusu risiti ya usafiri na akanyamaza. Miaka tisa hajawahi kuniangalia jicho la mtu aliyenilisha. Asubuhi nikamuuliza mama, nikamsomea ule mstari. Mama akaweka chini ungo wake akakaa kimya muda, alafu akasema, "mjomba wenu ndo yule mliyemzika Novemba."

Sikuweza kumjibu kitu. Nilitoka nje nikakaa barazani mpaka adhuhuri.

Sasa ndugu zangu naomba mnivumilie, nina neno, na nalisema kwa upendo. Mwaka huu tulipokuwa tunagawa, kwenye mlango mmoja kijana wetu alinyanyua simu apige picha, na yule bibi akaivuta khanga akafunika uso. Bibi wa watu kafunga mwezi mzima, kakaa na njaa yake kwa heshima, sisi tunataka tumuoneshe mji mzima na kilo tano za mchele mkononi kwake. Simlaumu kijana, nia yake ilikuwa wafadhili waone hela imefika, na wafadhili wenyewe wengine ndo wanazidai hizo picha. Lakini hapana jamani. Kuanzia sasa mfadhili anayetaka uhakika aje abebe gunia begani twende naye usiku ataona kila kitu kwa macho yake.

Mtume wetu Muhammad swalla Llahu alayhi wasallam ametuambia katika wale saba watakaokuwa kwenye kivuli cha Mwenyezi Mungu siku ambayo hakuna kivuli kingine yumo mtu aliyetoa sadaka akaificha mpaka mkono wake wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Na Mwalimu alikuwa akisikia hadithi hiyo anatabasamu anasema hata kwetu ipo, Mathayo sita, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Vitabu viwili vinasema kitu kimoja, sisi tunangoja nini? Pishi ya zakatul fitri tumeambiwa itoke kabla ya swala ya Idd ili masikini naye aamke ana cha kupika, asiende kuomba siku ya furaha. Asiombe! Sio asubiri tumalize kujipanga mstari na bango. Mkumbukeni mama mjane anayekopa mafuta ya taa, mkumbukeni yule baba aliyepunguzwa kazini ambaye bado kila asubuhi anavaa shati anatoka ili watoto wasijue, yule hatokuja kukuomba, utamkuta ameketi bandarini anaangalia meli. Na tusiwe watu wa Ramadhani tu. Leo ni mfunguo mosi, kesho mapishi ya Idd yanaisha, na njaa haijui mwezi umeandama au haujaandama. Wenye kufunga siku sita za mfunguo mosi wafunge Mungu awape nguvu, na mwenye kuweza kumlisha jirani kwenye hizo sita amlishe. Mlango wa jirani kama haujafunguliwa siku mbili gonga. Akikataa, rudi kesho.

Watoto wapeni Idd zao hata ya mia mbili mia mbili, mwaka ni mgumu na wao hawana kosa. Mafundi cherehani mlioshonea watu kwa mgao wa umeme mpaka usiku wa manane tunawashukuru, na mliokopa nguo lipeni, fundi naye ana sikukuu. Wagonjwa Mungu awaponye, waliosafiri awarudishe salama, waliotangulia awalaze mahali pema na makaburi yao ayape nuru.

Ya mwisho ya kiofisi. Sufuria mbili kubwa na ule mwiko mrefu wa futari viko kwangu, aliyetuazima aje achukue au aniambie nimletee na bajaji. Ndoo moja ya kijani haijarudi. Kikao ni Jumamosi ijayo saa kumi alasiri palepale, tunachagua mweka hazina. Kauntabuku mpya nimeshanunua, kwaya tatu, nimeipigia mistari. Anayejua nyumba ambayo sisi hatuijui anitumie ujumbe mimi peke yangu, sio kwenye grupu, aniandikie na hilo neno la pembeni.

Idd Mubarak.
Katibu