Jamani taa ya ABS msiing'oe

Mhariri, naomba kanafasi kidogo maana mvua zimeanza na huku kwetu Mwanza barabara za kupanda Isamilo na Bwiru zikilowa tu ni kuserereka. Nataka kusemea ABS, ule mfumo wa breki unaozuia tairi kujifunga (kuacha kuzunguka gari likiwa bado linakwenda), na taa yake ya kwenye dashibodi.

Gari zetu nyingi zimetumika Japani kwanza, na kule kuna mikoa theluji inajaa barabarani, ndo maana unakuta kitufe kimeandikwa SNOW karibu na gia na vijana wanadhani ni pambo. Ukikibonyeza gari linaondoka kwa upole, mara nyingi kwa gia namba mbili, ili tairi lisizunguke bure, na kwenye tope letu linasaidia vilevile. TRC, ule mfumo wa kuzuia tairi kuzunguka bure, nayo inasoma sensa zilezile za ABS zinazopima mzunguko wa tairi, ikiona tairi moja linazunguka kuliko mengine inalibana breki au inapunguza nguvu ya injini. Ila gari likishazama izime, la sivyo kila ukikanyaga mafuta inakukata nguvu unabaki hapohapo watoto wanakuchungulia.

Sasa ABS. Mtu anafunga breki ghafla, pedali inadunda na kunguruma, anaogopa anaachia mguu, au anaanza kupampu kama tulivyozoea kwenye magari ya zamani. Usiachie! Huo mdundo ni breki inabana na kuachia mara nyingi ndani ya sekunde moja ili tairi lisijifunge, we kandamiza tu na ukate usukani unakotaka, maana kazi yake kubwa ni gari likusikilize na sio lisimame karibu. Tena kwenye changarawe au theluji laini linaweza kusimama mbali zaidi, kwa sababu tairi lililojifunga linajikusanyia kokoto mbele yake zinalizuia, kwa hiyo wanaomfuata mwenzao mkiani eti nina ABS wanajidanganya. Na tairi kipara hakuna kompyuta ya kuliokoa.

Kinachoniudhi ni baadhi ya mafundi. Taa ya ABS ikiwaka wanang'oa balbu, kazi imeisha, lipa hela! Wakati mara nyingine ni sensa imejaa tope au waya umekatika. Breki za kawaida zinabaki kweli, ila ukikanyaga kwa nguvu tairi zinajifunga na gari linaenda linakotaka lenyewe. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, usiondoke kabisa.

Unayenunua gari la mkononi, washa swichi kabla ya kupiga stata, taa ya ABS inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime. Isipowaka kabisa, muulize muuzaji balbu iko wapi.

Dereva, Igoma, Mwanza