Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kinanda Chetu cha Mabomba

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Shughuli za kawaida zilifanyika kama mnavyojua: tamasha la Pasaka, chakula cha mavuno, ziara ya kanisa kuu la kale la Tewkesbury, Uingereza, na vikao vya kamati. Kumbukumbu zote anazo Katibu.

Naomba nizungumzie jambo ambalo limesemwa zaidi WhatsApp kuliko vikaoni. Inadaiwa kwamba mwenyekiti alichukua akiba ya chama akang'oa kinanda cha kanisa lililofungwa ili kihamishiwe kanisani kwetu, bila idhini ya mkutano mkuu. Ukweli ni huu. Lile kanisa lililofungwa lilikuwa limeshauzwa, na mnunuzi alitupa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kinanda cha enzi za Malkia Victoria kingevunjwa kuwa kuni na vyuma chakavu. Katiba yetu inataka notisi ya siku 21 kabla ya mkutano mkuu, na siku hizo hatukuwa nazo. Kamati ilikaa, ikaridhia, nami nikasaini. Ingekuwa leo ningesaini tena.

Waliofika siku ya kukifungua vipande vipande waliona kazi ilivyofanyika. Kila bomba lilipewa namba, likazungushiwa karatasi na kulazwa sandukuni, maana mabomba ya bati na risasi ni laini na yakisimamishwa vibaya hupinda miguu. Ngozi ya mvukuto ilikuwa imekauka na kupasuka, lakini vijiti vya mbao vinavyovuta vali kutoka kwenye vibao vilikuwa vizima karibu vyote. Kando ya mpini wa kupampu upepo, vijana wa zamani walikuwa wamechonga majina yao kwa kisu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba fundi asiuguse ubao ule, na amekubali.

Kwa wanaosema kinanda cha kihistoria kikihamishwa hakina thamani tena, nawakumbusha tulichokiona Tewkesbury. Kinanda kiitwacho cha Milton alikitengeneza Robert Dallam mwaka 1631 kwa ajili ya Magdalen College, Oxford. Wakati wa utawala wa Cromwell kilipelekwa kasri la Hampton Court, baadaye kikarudi Oxford, na mwaka 1737 kikaenda Tewkesbury. Temple Church ya London nayo, kinanda chake kilipoteketea katika mashambulizi ya 1941, ilipewa kilichokuwa kimetengenezwa na kampuni ya Harrison & Harrison kwa ukumbi wa Glen Tanar, Uskoti. Nani leo anawalaumu?

Nilipendekezewa pia kinanda cha umeme kwa sababu ni rahisi. Nilikataa, na sababu nilizieleza mbele ya wachache waliokuwepo.

Fedha: mapato ya mwaka Pauni 31,200, akiba ya nyuma 22,000. Kufungua, kusafirisha na kuhifadhi 18,500, malipo ya awali ya karakana 20,000. Salio 14,700. Hesabu zimekaguliwa.

Sasa ada. Tuko wanachama 64, waliolipa ni 23. Mkutano wa nusu mwaka walifika 17, na wengi wa wanaohoji matumizi hawakuwa miongoni mwao. Jambo hili limeniumiza. Pauni 60 kwa mwaka ni pauni 5 kwa mwezi, na mlipa kodi akijaza fomu ya Gift Aid (mpango wa Uingereza wa kuongezea michango ya hisani) serikali inaongeza senti 25 kwa kila pauni bila yeye kugharimika zaidi. Fomu zimegawiwa kila mkutano, zilizorudi ni chache mno.

Kuhusu mbele, mshauri wa vinanda wa dayosisi amekwishatembelea kanisa letu na tunasubiri kibali. Kikitoka, na fedha zikipatikana, tunatumaini ujenzi wa jukwaa la kinanda utaanza mwakani. Fundi amesisitiza kwamba mitambo ya kupasha joto kanisani ishughulikiwe kwanza, kwa sababu hewa kavu hupasua mbao za sanduku la upepo, lile linalopeleka hewa kwenye mabomba. Kamati itaona namna.

Madeni ya ada yapokelewe na Mweka Hazina kabla ya uchaguzi, kwa kuwa kwa mujibu wa katiba asiyelipa hapigi kura.

Mwenyekiti