Kwa wanangu wa studio na jukwaani: nani alipiga ridhimu?

Wanangu,

Salaam. Nawaandikia wote kwa mkupuo mmoja kwa sababu mmekuwa mkinijia mmoja mmoja na swali lile lile, na pumzi za kulijibu mara kumi sina tena. Nasema na ninyi mnaotengeneza biti chumbani mkiwa mmeegesha magodoro ukutani, ninyi wa bendi za hotelini, na ninyi mnaoitikia nyimbo za watu kwa nauli na sahani ya wali. Mnataka kujua kama hii akili mnemba, yaani AI, itawaacha na kazi.

Kazi nyingine imekwisha kuondoka, tusidanganyane. Majuzi nilialikwa send-off ya binti wa jirani yangu. Akaingia ukumbini kwa wimbo unaomtaja yeye, baba yake, mpaka Muheza alikozaliwa bibi yake. Zamani wimbo wa namna hiyo ulilisha mtunzi, mpiga kinanda, waitikiaji wawili na mwenye studio. Nikamuuliza MC nani kaimba. Akacheka, akanionyesha simu. Binamu wa binti kaandika maneno yake akiwa ndani ya daladala, kautumia mtambo wa akili mnemba, na wimbo ukarudi kabla hajashuka kituoni. Nilitega sikio. Pale penye "ang'ae" mwimbaji wa mtambo alitamka "angae", kama mtu asiyewahi kugombezwa na mama kwa Kiswahili. Lakini ukumbi mzima ulikuwa umesimama, vitambaa juu. Kasoro niliisikia mimi, na mimi hakuna aliyeniomba maoni.

Kwa hiyo wimbo wa harusi wenye jina la bibi harusi, wimbo wa tangazo, muziki wa chini ya video, wimbo wa mgombea udiwani: hizo ndizo za kwanza kwenda. Tangazo la sabuni halijampa mtu heshima hata siku moja, ila limelipa kodi za nyumba nyingi sana mjini hapa.

Mimi, mpiga gitaa wa dansi la zamani, si mgeni wa jambo hili. Kinanda kilipokuja na ngoma yake ndani na tarumbeta lake ndani, mwenye baa alipiga hesabu ya watu kumi na watano wa jukwaani na watu wawili na kinanda, na hesabu hiyo haikumchukua muda. Saksafoni ziliuzwa. Miaka ya tisini vijana wakaingia studio na kompyuta, ikazaliwa Bongo Fleva, na sisi tukakaa baa tunawasema kwamba ule si muziki. Kumbe ujinga ulikuwa wetu. Tungekwenda kukaa nao wakati ule, leo magitaa yangekuwa mengi zaidi kwenye nyimbo zao. Hata London, mwaka 1982, tawi moja la chama cha wanamuziki lilipitisha azimio la kutaka vinanda vya umeme na mashine za ngoma vipigwe marufuku. Vinanda havikupata habari.

Sasa niwaambie kilichonitoa usingizini, maana si ile send-off.

Mjukuu wangu alinikuta nasikiliza wimbo tuliorekodi Nairobi mwaka 1976. Mtu wa Ulaya kautoa kwenye santuri iliyochakaa akauweka mtandaoni, kwaruza na zote. Kijana akauvuta kwenye programu yake, akaniambia, "Babu subiri." Akaondoa sauti za waimbaji. Akaondoa drams na tumba. Akaondoa besi na saksafoni. Yakabaki magitaa mawili, la solo na langu la ridhimu, yako peke yake kama watu waliosahauliwa chumbani baada ya wageni kuondoka. Karibu miaka hamsini nilikuwa sijawahi kujisikia, kwa sababu ridhimu kazi yake ni kubeba wengine na kutosikika. Pale kabla ya chemko, ile sehemu wimbo unapochangamka watu wacheze, nikasikia kidole changu kinateleza kwenye waya wa tatu. Nilikuwa nimekisahau kile kidole. Siku ile tulirekodi wote chumba kimoja, na mtu akikosea tunaanza upya. Nilimkazia macho mpiga solo asiniseme, na hakunisema.

Kwa hiyo msinitafute kwenye kundi la wanaolaani mtambo. Beatles nao mwaka 2023 walitoa wimbo kwa kuichomoa sauti ya John Lennon kwenye kaseti ya zamani kwa ufundi wa jamii hiyo hiyo. Kanda za bendi zetu zilizolala kwenye makabati zinaungoja sana.

Ila nilipomaliza kufuta macho nilikumbuka bahasha. Tulilipwa mara moja, kila mtu bahasha yake, mlangoni. Hakuna karatasi niliyosaini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nikanunua suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, nikaona nimefika. Mwaka uliofuata mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukakaa hivyo hadi 1983, na hata aliyetaka kwenda kuulizia haki yake hakuwa na pa kupita. Kwenye lebo ya santuri ile kuna jina la mtunzi na jina la bendi, basi. Wimbo umesikilizwa na maelfu ya watu. Nani alipiga ridhimu? Anayejua ni mimi na kidole changu.

Mitambo hii haikufundishwa na malaika. Imefundishwa kwa nyimbo zilizopigwa na watu. Juni 2024 makampuni makubwa ya muziki yaliwashtaki Suno na Udio, wenye mitambo ya kutengeneza nyimbo, huko Marekani kwa kutumia rekodi zao bila ruhusa. Mwishoni mwa 2025 mmoja wa washtaki hao, Universal, ikapatana na Udio, na mwenzake Warner ikapatana na wote wawili. Wakubwa wakishapatana, pesa hutafuta majina. Inashuka kwa aliyeandikwa, na asiyeandikwa hata wakili wa kumtetea hajui aanzie wapi.

Ndiyo maana ushauri wangu kwenu ni mdogo, wa daftari. Kabla hamjatoka chumbani, andikeni: tarehe, wimbo, nani kaandika maneno, nani kaleta mdundo, nani kapiga nini, nani kaitikia, na mmekubaliana kugawana vipi. Majina kamili ya kwenye kitambulisho, si "Dogo Besi". Pigeni picha ukurasa, kila mtu abaki nayo kwenye simu. Mwenye studio atunze faili ya kila chombo kivyake, maana huo ndio ushahidi kwamba palikuwa na mtu. Aibu ya kuulizana mgao siku ya kwanza ni ndogo. Nimeiona ya siku ya mwisho, mbele ya wajane. Kisha nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya hapa Tanzania. Wengi wenu mnadhani pale ni pa waimbaji wakubwa, lakini sheria yetu ya 1999 inaitwa ya hakimiliki na hakishiriki, na hicho cha pili ndicho chako wewe uliyepiga au kuimba bila kutunga.

Akija mtu anataka akurekodi kwa muda wa saa nne unaimba a, e, i, o, u kwa kila sauti uliyonayo, na mkononi ana noti, muulize sauti hiyo inakwenda kufundisha nini. Ukiona kwenye karatasi "kwa teknolojia yoyote, ya sasa na itakayokuja, milele", weka kalamu chini hata kama watoto wanadaiwa ada. Jimbo la Tennessee lilitunga sheria mwaka 2024 ya kumlinda mtu asiigwe sauti yake kwa mtambo. Wewe usisubiri ya huko. Dai yako iandikwe kwenye mkataba, mstari mmoja tu, kwamba sauti hii ni ya wimbo huu.

Nanyi mnaotoa nyimbo thelathini kwa wiki kwa kubonyeza, mkidhani wingi ndio utajiri: Novemba 2025 Deezer, mtandao wa kusikilizia muziki, walisema wanapokea nyimbo kama 50,000 za mtambo mtupu kila siku, theluthi moja ya zote wanazoletewa. Unakwenda kumwaga ndoo baharini. Tena ofisi ya hakimiliki ya Marekani imeshasema, kilichotoka kwa maelekezo matupu bila mkono wa mtu hakina mwenyewe. Akikichukua mwingine, utamshtaki kwa lipi?

Mjukuu aliuagiza mtambo dansi la zamani la Dar, magitaa matatu na saksafoni. Likaja, safi, na chemko likaingia dakika ya pili juu ya alama. Sisi chemko hatukulipangia dakika. Mwimbaji aliwaangalia wachezaji sakafuni. Kama kuna mama anakuja taratibu kumtunza, noti mkononi, wimbo ulimsubiri afike, ambandike kwenye paji la uso, arudi kukaa, ndipo mpiga drams anapewa jicho. Mtambo haumwoni yule mama. Lakini hilo litawasaidia mnaopiga mbele ya watu. Anayeuza biti peke yake gizani halimsaidii, na sitamdanganya.

Jambo jingine, hasa kwa waimbaji. Agosti 1942 chama cha wapigaji Marekani kiligoma kurekodi, kwa sababu santuri na redio zilikuwa zikiwafukuza kumbini. Waimbaji hawakuwa wanachama. Makampuni yakawachukua waimbaji, yakawawekea kwaya nyuma badala ya vyombo, yakaendelea kuuza. Hata hivyo wapigaji walikaza zaidi ya miaka miwili, na makampuni mawili makubwa ya mwisho yalikubali Novemba 1944: kila santuri ikiuzwa, senti kidogo inakwenda kwenye mfuko wa kuwalipa wanamuziki wapige bure kwa wananchi. Mashine haikuzuiwa, ila ilianza kulipa. Hapa kwetu mwimbaji ana meneja, ana bango, mpiga besi ana nauli. Siku wakubwa wakija kuwanunua mmoja mmoja, wataanza na nyie wenye bango, na daftari lenye majina ya wote ndilo litawaunganisha.

Mimi mwenyewe nilianza langu wiki iliyopita, nimechelewa nusu karne. Nimeandika wimbo ule wa 1976. Solo, besi, drams, saksafoni mbili, waimbaji watatu, wote nimewapata, walio hai na waliotangulia. Nimekwama kwa mpiga tumba. Tulimwita Kaka Mkubwa, alitoka Tanga, alicheka sana, alivaa kofia ya pama hata studio. Jina lake halisi sikuwahi kumuuliza. Mwenye baba au babu wa namna hiyo, aliyepiga tumba Nairobi mwaka ule, anitafute. Jumamosi baada ya alasiri huwa nipo kibarazani, na nafasi yake kwenye ukurasa nimeiacha wazi.

Mzee wenu,
mpiga ridhimu, Magomeni