Daiquiri ni jina la mgodi

Bwana Mhariri,

Baa nyingi za Lubumbashi huita «daiquiri» kila tunda lililosagwa na barafu. Jina hilo lina kwao, na sisi watu wa mji wa migodi tusingepaswa kulitupatupa hivyo.

Daiquirí ni mahali pa pwani karibu na Santiago de Cuba, palipochimbwa chuma. Mhandisi Mmarekani wa migodi hiyo, Jennings Cox, ndiye anayetajwa kukipa kinywaji cha ramu (pombe ya miwa), ndimu na sukari jina la mahali hapo, mwishoni mwa miaka ya 1890. Kuchanganya vitu hivyo hakukuanza naye. Mabaharia wa Uingereza walikuwa wakifanya hivyo zamani. Lake ni jina, nalo likasafiri: mwaka 1909 Lucius Johnson, daktari wa jeshi la majini la Marekani, alilifikisha Washington. Cha kusagwa na barafu kilipata sifa baadaye Havana, kwa mkono wa Constantino Ribalaigua wa baa ya El Floridita.

Kisichosagwa kinataka ramu nyeupe mililita 60, maji ya ndimu 25, siro ya sukari 15. Siro ni sukari na maji moto kwa uzito sawa, ipoe kwanza. Anayetia sukari kavu moja kwa moja anaharibu: haiyeyuki upesi kwenye baridi, basi mteja anaanza na uchachu na kumalizia na chembe tamu chini ya glasi. Ndimu ikamuliwe wakati uleule, tena bila kuipondaponda, maana ganda hutoa uchungu. Maji ya ndimu ya jana yamekwisha kupoteza harufu, hata yakilala kwenye friji.

Linaloharibu zaidi hapa kwetu ni barafu. Umeme ukikatika, huanza kuyeyuka, na barafu yenye maji huzimua ramu kabla haijapoa. Mwaga maji yote, jaza vipande vigumu, tikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15, chuja kwenye glasi iliyokwisha kupozwa. Vipande visibaki ndani ya glasi.

Tunawaomba wenye baa waandike «daiquiri ya embe» au «ya nanasi» wanaposaga matunda. Daiquiri bila nyongeza iwe ile ya ndimu, na mteja akiiagiza asiletewe juisi ya pakiti.

Wahudumu wa baa,
Lubumbashi