Shauri la Ghannouchi lilifika Arusha

Ndugu Mhariri,

Habari yenu fupi kuhusu Rached Ghannouchi, mwanasiasa wa Tunisia aliye kifungoni, ilimwita "mwenye msimamo mkali" na kuishia hapo. Imeniuma. Shauri la mzee huyo lilifika mjini kwetu, Barabara ya Dodoma, kwenye majengo ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) iliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Sisi watu wa Arusha tulistahili kuelezwa zaidi.

Ghannouchi alizaliwa 1941 huko El Hamma, kusini mwa Tunisia, akasomea falsafa Damascus, akarudi kwao kuwa mwalimu wa sekondari. Mwaka 1987 utawala wa Rais Bourguiba ulimhukumu kifungo cha maisha. Aliachiwa mwaka uliofuata, kisha akaishi uhamishoni, miaka mingi London, mpaka Rais Ben Ali alipokimbia nchi Januari 2011.

Chama chake chenye mwelekeo wa Kiislamu, Ennahda, kilipata viti 89 kati ya 217 katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huo huo, kikaongoza serikali. Sisemi kiliongoza vizuri. Mwaka 2013 wanasiasa wawili wa upinzani, Chokri Belaid na Mohamed Brahmi, walipigwa risasi wakafa, na Watunisia wengi wanakilaumu chama hicho kwa kuwalea wenye siasa kali. Lawama hiyo ina uzito, wala sitaki ifichwe. Lakini Misri mwaka huo huo jeshi lilimng'oa Rais Morsi, naye wa chama cha Kiislamu. Tunisia, Ghannouchi alikaa mezani na mahasimu wake. Januari 2014 katiba mpya ikapita bila kuitaja sharia kuwa chanzo cha sheria, na serikali ya chama chake ikang'atuka kwa makubaliano. Mhariri, ni vyama vingapi unavyovijua vilivyoachia serikali kwa mazungumzo, vikiwa na viti vingi kuliko wengine wote bungeni?

Julai 2021 Rais Kais Saied alilisimamisha bunge, wakati huo Ghannouchi akiwa Spika. Aprili 2023, mwezi wa Ramadhani, akakamatwa nyumbani kwake akiwa na miaka 81. Agosti, majaji wa hapa Arusha waliiamuru Tunisia iondoe vizuizi ili yeye na wenzake waonane na mawakili na madaktari wao. Februari 2025 akahukumiwa miaka 22. Mwezi uliofuata Tunisia iliondoa tamko lililowaruhusu raia wake kufungua mashauri Arusha moja kwa moja.

Na Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo, ilishafanya hivyo hivyo Novemba 2019. Mimi nikidhulumiwa leo, nauli ya daladala inanifikisha getini pale, lakini shauri langu halipokelewi.

Naomba umtume mwandishi wako. Afuatilie mashauri ya wafungwa wale wa Tunisia, kisha aiulize Serikali yetu ni lini itarudisha tamko lake.

Mwalimu mstaafu,
Ngarenaro, Arusha