Kwa Zuhura, kabla hujaiwasha

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Mamako anakusalimu, anasema usisahau kumpigia Ijumaa. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu huwa tunaishia kubishana, na hili sitaki tubishane. Nimekubali. Ile pikipiki yangu ya Suzuki ni yako.

Magoti yangu hayakunjiki tena kufikia vikanyagio vyake, na viganja huanza kuniuma kabla sijaimaliza Leicester. Wewe una leseni kamili, una miaka yako mitano barabarani, na mara ya mwisho nilipokufuata nyuma kwa gari nilikutazama unavyoingia kona: pole pole, macho mbali. Sina tena sababu ya kukunyima ila woga wangu, na woga huo una kisa ambacho sijakusimulia chote.

Kwanza ujue unapokea nini. GSX-R750 ilipotoka 1985, pikipiki za kasi zilizouzwa dukani zilikuwa nzito. Kawasaki GPZ900R ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla na kuwatia watu wazimu. Ina injini kubwa zaidi, lakini ina kilo 228 kabla hujaitia mafuta. Mhandisi Etsuo Yokouchi na wenzake pale Suzuki wakaleta hii yetu: kilo 176, nguvu ya farasi 100, fremu ya alumini wakati wengi wangali na fremu za chuma. Mwaka ule ule ikashika nafasi ya kwanza na ya pili kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Mtu wa kawaida akawa anaweza kuingia dukani akatoka na kitu kilichofanana na kile kilichoshinda Ufaransa. Mimi wakati huo nilikuwa Mombasa, nikaiona kwenye gazeti la zamani lililofungiwa vipuri dukani. Nililikunjua gazeti, nikalibeba nyumbani.

Injini yake hupozwa kwa oili. Maji waliyaacha kwa kuwa maji, radieta na mipira yake vyote ni uzito, na upepo peke yake haukutosha. Basi pampu moja inalainisha injini kama kawaida, na ya pili kazi yake ni kumwaga oili kwa wingi juu ya vyumba vya mwako, ili ichukue joto ilipeleke kwenye kipozeo kilicho mbele. Vipo pia vitundu vinavyorusha oili chini ya pistoni. Kwa hiyo nikisema usiitie oili ya bei ya chini, au usiipitishe muda wa kubadilisha, si ubahili wa mzee na kitu chake. Ndani ya injini hii oili imebeba kazi mbili, na ikichoka hakuna maji ya kuisaidia.

Utaona saa ya mizunguko ya injini kwa dakika haina namba chini ya 3,000. Usidhani imeharibika, iliundwa hivyo. Huko chini hakuna pa kufanyia kazi. Mpaka 7,000 inakwenda kwa adabu, kama pikipiki ya kwendea sokoni. Ukipita hapo mlio unageuka, ngurumo inakuwa kilio, na unahisi kama mtu amekusukuma mgongoni kwa mikono miwili. Miaka zaidi ya 30 nayo, na bado nywele zinanisimama ninapokuandikia haya.

Niliinunua 1993, kwa akiba ya miaka mitatu ya zamu za usiku kiwandani. Na Oktoba 1996 nilianguka nayo.

Mamako alikuwa na mimba yako ya miezi mitano. Nilitoka Cromford nikipanda Via Gellia, ile barabara inayopita bondeni chini ya miti. Unaijua: jua haliingii, na majani yakianza kudondoka lami hubaki na unyevu hata siku ambayo mvua haikunyesha. Sikuwa mbio. Labda kilomita 50 kwa saa. Kwenye kona ya kushoto gurudumu la nyuma likaniacha, bila kuteleza kwanza, bila ishara, kama mtu aliyenitoa kiti nikiwa nakaa. Nikavunjika mtulinga. Ubavu wote wa kushoto wa pikipiki ukachunika.

Tairi lile la nyuma nilikuwa nimeuziwa kama jipya, na kweli halikuwa limetumika. Meno yote kamili. Sikujua kusoma ubavuni mwake. Siku hizo tarakimu za tarehe ya kutengenezwa zilikuwa tatu, mbili za wiki na moja ya mwaka, na ya mwaka ilikuwa 7. Limetengenezwa 1987. Miaka tisa limekaa stoo likikauka, mpira umekuwa mgumu kama ubao, na mimi nikalipeleka kwenye majani yaliyolowa.

Mamako hakunigombeza. Aliniuliza tu, pale hospitalini, akiwa ameshika tumbo: "Huyu akizaliwa nimwambie babake alikwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Niliifunika pikipiki turubai, na haikutoka mpaka wewe una miaka minne. Wewe ndiye uliyelivuta lile turubai ukauliza kwa nini pikipiki inalala mchana.

Basi anza na tairi. Tangu 2000 tarakimu ni nne: ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya 2019. Likifika miaka sita litoe, hata kama linang'aa. Mbele ni 110/80, nyuma 140/70, na magurudumu yote mawili ni inchi 18, kipimo ambacho pikipiki za kasi za leo hazikitumii. Madukani watakwambia hili linakaribiana, tia tu. Usikubali. Agiza, subiri, panda basi wiki hiyo.

Halafu petroli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, na ethanoli huvuta maji na kuharibu mipira ya zamani. Tia ile ya juu, ya E5, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, hata kama bei inauma. Na usiiache ikalala ndani ya kabureta msimu wote wa baridi. Ziko nne, na kila moja ina jeti yenye tundu jembamba kuliko sindano ya kushonea kanzu. Petroli ikichacha humo inaacha utomvu, na Aprili utakuta injini inakohoa kwa silinda tatu. Fungua skrubu za chini, zimwage zote nne kabla ya Desemba. Babu yako alikuwa fundi wa injini za mashua, na mimi utotoni kazi yangu ilikuwa kusugua kabureta kwa petroli na mswaki mkuukuu kibarazani. Harufu ile ndiyo harufu ya nyumbani kwangu. Ninayo saa ya kusawazisha mvuto wa kabureta zote nne. Ipo kwenye droo ya pili, nayo ni yako. Njoo siku moja nikuonyeshe kwa mkono, maana kwa maandishi haieleweki.

Chumvi sina haja ya kukueleza sana. Mimi ni mtoto wa pwani, nimeona inavyotafuna nanga. Wakishaimwaga barabarani kwa ajili ya barafu, pikipiki isitoke mpaka mvua za machipuko zimeiosha lami.

Sasa breki. Yako ya kila siku ina ABS, mtambo unaozuia gurudumu lisifunge; ukishtuka ukabana kwa nguvu, kompyuta inakuokoa. Hii haina mtu wa kukuokoa. Ukiibana breki ya mbele kwa mkupuo gurudumu litafunga, na likifunga umelala chini. Ibane kama unavyokamua ndimu: kidogo, uzito uje mbele, ndipo uongeze. Nenda kiwanja cha wazi ufanye hivyo mara hamsini kabla hujaingia njia kuu. Mafuta ya breki yabadilishe kila miaka miwili, kwa sababu nayo huvuta maji.

Jambo jingine: hii ya 1985 ina mkono mfupi, ule unaoshika gurudumu la nyuma. Mwaka uliofuata kiwanda kiliurefusha kwa milimita 25 ili pikipiki itulie zaidi. Wengi walibadilisha, mimi nimeuacha kama ulivyozaliwa. Kwa hiyo ukienda kasi juu ya lami yenye mabonde unaweza kuhisi usukani unaanza kucheza mikononi. Mwili utakwambia ukamate kwa nguvu. Usiusikilize. Legeza mikono, bana tangi kwa mapaja, punguza mwendo taratibu, itatulia yenyewe. Ukishindana nayo ndiyo unaizidishia.

Kwa kuwa imepita miaka 40, sheria haikulazimishi tena kuipeleka kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Ipeleke, mwanangu. Macho yanayopenda kitu hayaoni nyufa zake. Mwenyewe nilipitisha majira mawili bila kuona mpira wa breki uliopasuka, akauona kijana wa ukaguzi kwa dakika moja.

Najua pia watu watakujia na pesa. Kwenye maonyesho ya Stafford mwaka jana bwana mmoja aliizunguka mara tatu, akasema akiipata ataiweka sebuleni, haitaguswa na mvua tena. Alisema kwa nia njema, na bei yake ilikuwa nzuri. Nilikataa. Injini inayokaa bila kuzungushwa inakauka sili, inashika kutu kwenye kuta za silinda, na siku ukiihitaji haipo. Nimeona pikipiki za thamani zimekufa hivyo ndani ya nyumba zenye zulia. Kwa hiyo sikupi uiweke. Nakupa uiendeshe, ukiwa unajua umri wake.

Asubuhi vuta choki, washa, na usiguse mkono wa mafuta. Iache ipate joto, wewe uvae glavu. Huwa nzito asubuhi, inanung'unika, kisha taratibu sauti inakuwa moja. Ukizisikia silinda zote nne zimekubaliana, rudisha choki, toka.

Ufunguo upo kwenye kopo la halua, rafu ya juu gereji, pamoja na ule wa akiba. Kitabu cha matengenezo yote tangu 1993 kipo chini yake. Kurasa za 1997 mpaka 2000 ni tupu. Ziache hivyo hivyo.

Jumapili ya kwanza yenye jua mwezi wa Aprili, ichukue uende nayo Matlock Bath. Mimi na mamako tutatangulia na gari, tutakaa pale kando ya mto wanapopanga pikipiki, na nitaijua kwa mlio kabla sijakuona. Ukirudi kwako Manchester pita Bakewell na Buxton. Via Gellia ngoja mpaka Juni, majani yakiwa bado mitini. Nitakuwa mbele yako na gari, taratibu, nikikuangalia kwenye kioo.

Babako