Barua ya wazi kwa Balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Geneva

Mheshimiwa Balozi,

Mimi ni wakili wa Mombasa. Kesi zangu ni za ardhi na mirathi, hazina njia ya kufika Geneva. Nakuandikia kwa sababu ya wakili mwingine, Nury Turkel, Muighur, yaani mtu wa jamii ya Waislamu wa Xinjiang, magharibi mwa China, na kwa sababu ya kura kuhusu watu wake ambayo huenda siku moja ukatakiwa kuipiga kwa niaba yetu.

Turkel alizaliwa mwaka 1970 mjini Kashgar, kambini, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China. Mama yake alikuwa amefungwa humo. Mwaka 1995 alikwenda Marekani, akapewa hifadhi, akasomea sheria. Kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa Uyghur Human Rights Project, shirika linalokusanya ushahidi wa yanayowapata watu wake: kufungwa kambini na kulazimishwa kufanya kazi.

Hebu fikiria uwakili wa namna hiyo. Wateja wako wako Xinjiang, na hakuna hakimu wa huko atakayekusikiliza. Kwa hiyo yeye na wenzake waligonga milango ya wabunge mjini Washington, na Desemba 2021 ikatiwa saini sheria inayozuia bidhaa za kazi ya kulazimishwa. Mimi kama mwanasheria, kinachonivutia humo ni mzigo wa ushahidi. Bidhaa yoyote iliyotoka Xinjiang huhesabiwa imetokana na kazi ya kulazimishwa, mpaka mwagizaji athibitishe vinginevyo. Mfungwa hatakiwi kuthibitisha lolote. Angewezaje, naye yuko ndani?

Mwezi huohuo China ilimwekea vikwazo. Baba yake alifariki mwaka 2022, mwana asiweze kwenda kumzika. Mama yake aliruhusiwa kuondoka Novemba 2024 tu, baada ya mazungumzo ya serikali mbili. Wakili mwenzake Rayhan Asat, aliyesoma Harvard, ana kaka anayetumikia kifungo cha miaka 15.

Sasa nije kwenye Baraza la Haki za Binadamu. Tarehe 31 Agosti 2022 ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti ikisema yaliyotendeka Xinjiang huenda ni uhalifu dhidi ya binadamu. Oktoba 6 likaletwa pendekezo dogo mno: ripoti ijadiliwe. Ijadiliwe tu, Mheshimiwa. Likaangushwa kwa kura 19 dhidi ya 17, nchi 11 zikijizuia. Barani Afrika ni Somalia peke yake iliyosema ndiyo. Hata Gambia, iliyoipeleka Myanmar mbele ya Mahakama ya Haki ya Kimataifa kwa ajili ya Warohingya, ilijizuia.

Kenya haikuwamo barazani siku ile. Leo imo, muhula wa 2025 hadi 2027, pamoja na jirani yetu Ethiopia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Najua tuna deni la China. Reli inaanzia Miritini, si mbali na kwangu, na sijasahau nani aliyetukopesha. Najua pia China husema kambi za Xinjiang zilikuwa vituo vya mafunzo ya ufundi, na kwamba inapambana na itikadi kali. Lakini sisi watu wa Pwani tuna Hola, kambi ambamo mkoloni Mwingereza aliwazuilia Mau Mau. Ile nayo iliitwa kambi ya kuwarekebisha watu. Machi 3, 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa, na serikali ya mkoloni ikatangaza kwanza kwamba walikunywa maji mabaya. Kweli ilitoka kwa sababu kuna watu waliouliza, wengine wakiwa ndani ya bunge la Uingereza lenyewe. Na mwaka 2013, mawakili walipoibana serikali ya Uingereza mahakamani London, ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 waliotendewa ukatili kizuizini. Kama lingekuwapo baraza la kupiga kura Hola isijadiliwe, tungelionaje?

Siombi Kenya iihukumu China. Ukumbi wako si mahakama. Naomba mambo mawili. Pendekezo la kujadili likirudi, Kenya ipige kura ya ndiyo. Na ikiwa Nairobi itakuagiza vinginevyo, basi sababu itajwe kwa sauti, kwenye kipaza sauti, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, ili siku moja wakili fulani aweze kuisoma.

Wako katika sheria,
Wakili wa kesi za mashamba, Mombasa